Bega la Mzee Yosefu

Mzee Yosefu alinyoosha mkono apewe salamu. Dokta Leodgar akautia wake mfukoni.

"Samahani, mzee wangu. Nikikushika nitaharibu vipimo."

"Vipimo vya nini, mwanangu?"

"Vya huduma."

Mzee akaurudisha mkono juu ya shuka, taratibu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo. "Basi niitie hata mmoja anigeuze. Mgongo unaniwaka moto."

"Wauguzi wenyewe wanajua wajibu wao," alisema Leodgar. "Tumeshawafundisha." Akageuka, akatoka wodini.

Hakuwa daktari wa watu. Udokta wake ulikuwa wa molekuli, na kwa kuzoea mno kutazama visivyoonekana, alikuwa amefika mahali pa kutoviona vinavyoonekana. Alitengeneza molekuli yake mwenyewe, haina rangi wala harufu, akaitia kwenye sabuni ya wauguzi. Kisha kila mgonjwa wa wodi ya wanaume akabandikwa begani kibandiko cheupe, maana huwezi kumgeuza mtu, kumkalisha wala kumwogesha bila kugusa bega lake. Mkono wa muuguzi ukipita hapo, cheupe kinageuka buluu. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kumshika kutwa nzima, kibandiko hakiwajui. Wao hawanawi kwa sabuni ile.

Kabla ya semina ya wauguzi, vibandiko vyote vilitoka vyeupe pe. Baada ya semina, vikaanza kugeuka kimoja kimoja, mpaka kikabaki kimoja tu kilichogoma, cha kitanda cha kona. Na kesho yake wafadhili walikuwa wanakuja Bagamoyo. Wakiona wodi nzima imebadilika, semina itapelekwa mpaka Lugoba, na Leodgar ndiye atakayekuwa mkuu wake. Bega moja la mzee wa Vigwaza lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Sista Blandina," alimwita msimamizi wa wodi pale koridoni, "huyu wa kona ana nini?"

"Hana ndugu."

"Nauliza ana nini."

"Ndiyo nakujibu, dokta. Wenzake wana wake zao, wana mabinti, wanawaogesha, sisi tunaongezea. Yeye aliletwa na jirani, na jirani karudi Vigwaza kwenye shamba lake. Nani amwanze?"

"Ninyi! Si ndivyo semina ilivyosema?"

"Semina ilisema tuwatabasamie," akadakia Lulu, muuguzi mdogo kuliko wote. "Tumemtabasamia, dokta. Tumetabasamu mpaka mashavu yanauma."

Blandina akacheka. Leodgar hakucheka. Aliwatazama kama mtu anavyotazama viatu vilivyolowa matope. Watu wazima, wenye vyeti, wa kufundishwa kumshika mgonjwa kama mtoto anavyofundishwa kushika kijiko! Kwenye semina walichokumbuka ni sambusa. Hawana chembe ya huruma hawa, alisema moyoni, na maneno hayo yakampendeza, kwa kuwa chembe ndiyo kazi yake. Akaamua atayatia kwenye hotuba.

"Jamani, nigeuzeni," sauti ikatoka dirishani.

"Sikieni," alisema Leodgar, akianza kuondoka. "Msiniaibishe kesho. Bega lile nalitaka buluu."

"Mungu akipenda," alisema Blandina.

Asubuhi, wageni wakiwa bado wanapeana mikono katika chumba cha mikutano, Lulu aliingia na sinia la vibandiko. Leodgar akavichukua kwa koleo, kimoja baada ya kingine. Buluu. Buluu. Buluu. Alipofika kile cha kona, akakisogeza kwenye mwanga.

Kilikuwa buluu iliyokolea kama nili. Hakuna kilichokifikia.

"Dokta," alinong'ona Lulu, "huyo wa kona..."

"Nimeona, nimeona!" alimkatiza. "Hongereni sana. Nenda kamwite sista aje asimame hapa mbele ya wageni."

Picha ya kile kibandiko ikatupwa ukutani, kubwa kama mlango. Leodgar akasimama kando yake kama bwana harusi.

"Waheshimiwa, jana bega hili lilikuwa jeupe. Mzee huyu alilala humu siku nyingi bila kuguswa na mkono wa muuguzi hata mmoja. Leo, kwa nguvu ya mafunzo yetu, hebu tazameni! Tumezoea kusema fulani hana chembe ya huruma. Mimi nimewaleteeni chembe yenyewe, ukutani."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akapiga na picha. Leodgar aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi, na katika kuinama kwake akawa ameshafika Lugoba, ameshapewa gari, ameshasahau jina la mzee.

Kiongozi wa wageni, Bi Hafidha, alikuwa mama wa makamo aliyefuta miwani yake kwa ncha ya mtandio kabla ya kusema neno. Akamgeukia Blandina, aliyekuwa amesimama karibu na mlango.

"Mwanangu, dokta ametueleza ya kitaalamu. Hebu wewe tuambie kwa maneno yako. Huyu mzee mlimfanyia nini?"

Blandina alimtazama Leodgar. Leodgar akamwitikia kwa kichwa, akitabasamu kama mwalimu aliyemkaririsha mwanafunzi wake shairi.

"Alihudumiwa na wauguzi wanne, mama, leo alfajiri," alisema Blandina. "Wawili walimwogesha vizuri, mwili mzima. Lulu akamfumba macho. Na mimi nikamfunga taya."