Breki Ngumu za Baba

"Nifunge busta ili breki ziwe laini kukanyaga, au nirudishe zile ngumu za zamani?" fundi aliuliza.

Kristiana alimtazama baba yake akiipapasa boneti ya gari lake aina ya Pijo. Tangu apate kiharusi, mguu wake wa kulia ulikuwa dhaifu, lakini bado alitaka kuteremka milima ya Wampembe akiendesha mwenyewe.

"Za zamani," Kristiana alijibu bila kumwangalia tena baba yake.

"Asante, mwanangu. Wewe unajua kuliheshimu gari langu."

Kazi ilipokwisha, mzee aliingia, akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akauweka kwenye breki. Alikanyaga hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Breki haikushuka.

"Ni baridi tu hii," alisema akicheka. "Hebu nisaidie kulisukuma goti."

Kristiana aliweka kiganja gotini, akajifanya anasukuma.