Bwawa la Samaki wa Baba Mkwe

Tokuji alikuwa amepanga bwawa mahali pabaya, na hakujua.

Samaki wa rangi walioachwa na marehemu baba mkwe walikuwa kwenye beseni la kuogea bafuni tangu ardhi igande kwa baridi ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na mkewe alikuwa amechoka kuoga kwa jirani. Theluji ikiyeyuka tu, katapila lingekuja kuchimba. Kwa hiyo Tokuji, fundi wa bustani kutoka kusini kunakolimwa machungwa, alichomeka vijiti vya mianzi kuweka alama ya bwawa chini ya ukingo wa paa, samaki wapate kivuli.

"Mume wangu, toka hapo!" mkewe aliita kwenye dirisha la jikoni.

"Unifundishe kazi? Nimechimba mabwawa tangu hujajua hata kupika wali!"

"Na theluji ya Hokkaido umeijulia wapi, bwana machungwa? Sogea!"

Alisogea ili amnunie vizuri. Paa la bati likakoroma, theluji yote ya juu ikaporomoka pale pale kwenye vijiti, ikafukia kofia na chupa ya chai aliyoviacha hapo, vikombe vikalia jikoni.

Kijiti kimoja kilibaki mkononi. Akaenda kukichomeka mbele ya dirisha la mkewe, mbali na paa, katikati ya shamba lake mwenyewe la vitunguu.

"Hapo nitawaona samaki wa baba nikiosha vyombo," mkewe akasema.

Hasara: kofia, chupa ya chai, na vitunguu vya mwaka mzima.