Pete ya Pazia

Doreen aliposukuma mlango wa kliniki ya uzazi wa mpango pale Leeds, mwaka 1966, mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa binti yake.

"Mama! Si ulisema unaenda kununua samaki?"

"Na wewe si uko kazini?"

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakainamia magazeti yao. Doreen akaketi. Hapo ndipo akaiona pete kwenye kidole cha binti yake, ambaye hakuwa na mume. Ilikuwa pete ya shaba ya pazia la jikoni kwao, nayo imeshaanza kukipaka kidole rangi ya kijani.

"Bila pete hawakupi vidonge," binti alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Doreen alitaka kugomba, lakini kicheko kikambana, akajiziba mdomo kwa mtandio. Akaizungusha pete yake ya ndoa mpaka ikatoka, akamvisha mwanawe, naye akaivaa ile ya pazia.

"Ukiulizwa, mumeo ni baharia, yuko safarini."

Nesi akachungulia. "Nani anafuata?"

"Anza na huyu," Doreen alisema. "Mimi nimeshachelewa kwa watoto sita. Dakika kumi hazinidhuru."