Mtumbwi Usio na Msumari

"Misumari yote itoke," Olga alisema. "Hata moja isibaki."

Straton alisimamisha nyundo hewani. Alikuwa amekwisha kupigilia mbao tatu za kuunganisha mitumbwi miwili, mbao nzito alizozipiga randa mpaka zikateleza kama sabuni. Sasa huyu muuguzi wa kituo cha afya anakuja asubuhi asubuhi na daftari lake kumwambia abomoe.

"Mama Olga, bila misumari hii kitu tutafunga na nini? Na maombi?"

"Na kamba, Papa Straton. Kamba tu. Tena yenye inaweza kufunguliwa."

Honoré, fundi mwenzake, alicheka mpaka tezo ikamponyoka. "Kaka, ujitayarishe. Kesho atakuambia utoe na mbao."

Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Olga alikuja na karatasi iliyochorwa kwa kalamu nyekundu: mitumbwi miwili inayokwenda sambamba, jukwaa katikati, moteri nyuma. Ni ya wagonjwa, alisema. Mtumbwi wa kawaida unayumba. Mgonjwa akijigeuza kidogo tu, wote wanakwenda majini. Hapo Straton alimwelewa. Yaliyomshinda ni yale mengine. Miti iwe miwili, isitoke shamba moja. Kila mtumbwi uwe na kibao kimoja cha kukalia, kimoja tu. Na pale jukwaani, kiti chenye mgongo.

"Mugonjwa si analala?" Straton aliuliza.

"Kuna wenye hawapendi kulala," Olga alijibu, akafunga daftari.

Angekuwa mteja mwingine, Straton angemwambia atafute fundi wa ndoto. Lakini kazi hii aliitaka iishe kuliko alivyoitaka Olga mwenyewe. Mama yake, mzee Emérita, alikuwa na uvimbe tumboni. Hospitali ya kumpasua ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na mvua ilikuwa imeibeba barabara ya kuzunguka. Kwa pikipiki asingefika mzima.

Mchana alimpelekea uji wa mtama. Alimkuta amekaa mlangoni, kitenge kimefungwa juu ya lile tumbo lililokuwa likikua huku mikono ikikonda.

"Mama, ile mashua ikiisha nitamuomba Olga atuvushe. Weye na miye."

"Na Jean-Bosco?"

Straton akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Nilizaa wawili," mama alisema. "Wawili njo watanipeleka, ao nikufe hapa kwa kitanda yangu. Leta uji, umeisha kupoa."

Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu wavushe jeneza la baba yao. Straton na kaka yake mkubwa, Jean-Bosco, waligombana humo humo mtumbwini juu ya mpaka wa shamba la maharage, wakasukumana, jeneza likakaribia kutumbukia. Walipofika nchi kavu kila mmoja aliweka mkono juu ya jeneza, akaapa kwamba hatakaa tena na mwenziye katika mtumbwi mmoja. Kiapo cha juu ya maiti hakichezewi kule. Pastori alijaribu kuwapatanisha. Alipewa kuku kila nyumba, akarudi kwake.

Basi Straton alirudi kazini akang'oa misumari. Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena. Alikwenda ufukweni kutazama maji, akapanda kilima kumtazama mama, akateremka tena kabla jasho halijakauka. Siku ile mama alipokataa hata supu, Straton alichonga bila kula mpaka Honoré akamnyang'anya tezo.

Juma lililofuata, kilima kizima kiliburuta mitumbwi mpaka majini kwa nyimbo na pombe ya kasiksi. Ikafungwa kamba, moteri ikawekwa. Olga alipanda jukwaani akarukaruka kwa miguu miwili kama mtoto. Chombo hakikutikisika. Straton akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu mwezi uliopita.

"Fundi anavuka wa kwanza," Olga alisema, kama ilivyo desturi, kwa maana nani atapanda chombo ambacho fundi wake anakiogopa? "Papa Straton, kaa huu wa kushoto."

Akakaa. Alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwomba ampeleke mama yake, alipoona wanaume wanne wakiteremka kilima na tipoi, machela ya miti, begani. Juu yake alikuwa Emérita, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Walimkalisha kwenye kile kiti chenye mgongo, taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

Straton akainua mkono kumpungia. Mama amekubali! Atavuka na mtoto mmoja, uhai umeushinda ukaidi.

Ndipo mafunjo yakatikisika. Akatokea Jean-Bosco, mfuko begani, kichwa kimejaa mvi ambazo mdogo wake hakuwa amewahi kuziona kwa karibu. Hakusalimu. Aliingia mtumbwi wa kuume, akakaa kwenye kibao, akatazama mbele.

Straton akaruka wima, mguu mmoja tayari umo majini.

"Mama! Unajua tuliapa! Siwezi kukaa naye mu mutumbwi moja!"

Emérita hakugeuka. Alimpa Olga ishara awashe moteri.

"Nani alikuambia iko moja?" alisema. "Miye niliagizaka mbili."