Mafuta ya Kisima cha Nzembi

Du-du-du-du. Dakta Mutisya aliisikia pampu ya mashine kabla hajakiona kibanda cha mabati kule Dandora. Alipoingia, aliziba pua kwa leso.

"Hii ndiyo mashine?" akacheka. "Wakili wa kiwanda amenituma huku kote nije kukagua friji?"

Kweli ilifanana na friji. Mativo, kijana mwokota taka aliyeiunda upya, alikuwa ameivika mabati ya friji kuukuu na kuyafunga kwa waya.

"Inapima uzito wa molekuli, daktari."

"Na wewe umesomea wapi, kijana?"

"Jalalani. Mnatupa hata vitabu."

Nzembi, mwenye kisima, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tangu Januari kisima chake kilitoa mafuta meusi, mazito kama lami. Alikuwa amekishtaki kiwanda cha jirani kinachowasha matanuri kwa mafuta ghafi. Akishindwa kortini kesho, kanjo, askari wa baraza la jiji, watakifukia kisima, na hana maji mengine.

Daktari alichomoa cheti mfukoni. "Machi mwaka huu, tisini na sita, niliyapima mwenyewe. Ni oili chafu ya gereji zenu. Mnajichafulia, kisha mnalia."

Mativo alitia tone moja la mafuta ya kisima kwenye mashine. Kalamu ikaanza kuchora vilima kwenye karatasi, vingine virefu, vingine vifupi, mamia kwa mamia.

"Oili ya injini imesafishwa, molekuli zake hazipishani sana kwa uzito," alisema. "Hapa kuna kubwa kwa ndogo, na salfa tele. Haya ni mafuta ghafi."

"Hakimu gani ataamini friji?" Daktari alimgeukia Nzembi. "Mama, mjini hapa mashine ya kweli ililetwa moja tu, nayo ni yangu. Huyu anakuchezea."

Mativo aliinama nyuma ya mashine. Alifungua waya, akavua mabati ya nyuma. Ndani kulikuwa na kibao cha shaba chenye jina la maabara ya Dakta Mutisya. Chini yake palikuwa pamebandikwa karatasi iliyochapwa: *Imeharibika kabisa. Itupwe. Juni 1993.* Sahihi yake ndiyo ileile iliyokuwa kwenye cheti.

Nzembi aliinuka, akasoma polepole, akarudia.

"Mama, nakuahidi," Mativo alisema. "Kesho hakimu atamuuliza daktari swali moja tu: hiyo Machi, alipima kwa mashine gani?"