Wimbi Mwishoni

Zubaida alishuka kabla bodaboda haijasimama vizuri, akaugonga mlango kwa ngumi. Kutoka Kisugu hadi Kamwokya, humo humo Kampala, hakuwa amemwambia dereva lolote ila, "Ongeza mwendo, ssebo."

"Farhana! Fungua!"

Asubuhi hiyo ujumbe ulikuwa umeingia kutoka simu ya binti yake: *Tuko salama, mama. Usije ~*

Alama hiyo ya wimbi mwishoni aliibuni Zubaida mwenyewe. Siku zote alilalamika kwamba maandishi yana alama ya kuuliza na ya kushangaa, lakini hayana ya kumwambia msomaji: geuza nilichosema. Farhana alipokuwa bwenini, ambako matroni alisoma kila ujumbe, *Chakula ni kitamu ~* ilimaanisha leta chapati. Baadaye Farhana akamfundisha na mchumba wake, Usama, ambaye sasa ni mumewe. Uchumba wao ulijaa mawimbi.

Mlango ukafunguka. Farhana alikuwa mzima, amependeza, kucha zimepakwa rangi.

"Mama! Kuna msiba?"

"Nani anakupiga?"

Farhana akacheka. "Anipige nani? Huyu? Hebu mtazame!"

Usama alisimama kwenye mlango wa jikoni, macho chini, kama mkwe anayejua adabu. Joto lilikuwa kali, naye amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo vyote.

"Usama, kama kuna shida, mbona hunipigii?"

"Simu yake imeharibika," Farhana akajibu.

Zubaida akamvuta binti yake chumbani, akamkagua shingo, mikono, mgongo. Hakuna hata mkwaruzo.

"Basi lile wimbi ulilonitumia?"

Farhana akausogelea mlango. Akachungulia sebuleni, kisha akatabasamu. "Kidole kiliteleza, mama. Usama! Chai!"

Walipokaa sebuleni, chai ilikuja upesi. Usama hakumkabidhi mama mkwe mkononi. Aliinama, akaiweka kwenye kigoda. Kikombe kilitetemeka, chai ikamwagika.

"Ona sasa," Farhana akasema taratibu.

"Mwache," Zubaida akamtetea. Aliona aibu. Njia nzima alikuwa akimtukana kijana huyu moyoni, kumbe anamheshimu hadi anatetemeka. "Niambie mwenyewe, Usama mwanangu, nirudi nyumbani nikalale. Mnaishi vizuri?"

Farhana akamtazama mumewe.

"Vizuri sana, mama," Usama akajibu bila kuinua macho, na kidole chake kikachora wimbi kwenye chai iliyomwagika.