Bao la Kushinda Tu

Kigogota alichonga mabao ya mashimo thelathini na mawili, na katika kuyacheza hakuna aliyemfikia Nungunungu. Lakini Chiriku, mwenye kazi ya kuyauza, hakuridhika.

"Fundi, wachezaji wenyewe hawa ni wachache," alisema. "Chonga bao la mashimo manne ambalo kila mtu anashinda. Njiwa ni wengi, nao hawapendi kuumiza kichwa."

Kigogota akachonga. Chiriku akapiga mbiu msitu mzima, na njiwa wakashinda asubuhi, wakashinda jioni. Bao kubwa halikuulizwa tena.

Nungunungu akamjia fundi miiba imesimama. "Umetutupa," akamwambia.

"Bao lako lipo," Kigogota akajibu. "Kila wiki nalipaka mafuta."

Siku moja akaja njiwa peke yake. "Fundi, nimeshinda kila siku tangu mtama uvunwe, na hata mama yangu hajanipongeza. Huna bao ambalo mtu anaweza kufungwa?"

Kigogota akalitoa lile kubwa. Nungunungu akaitwa, akacheka, akamfunga njiwa mara saba mfululizo. Mara ya nane akamfunga tena, ila safari hii alikaa kimya muda mrefu, kete mkononi, kabla ya kucheza.

Njiwa akarudi kwao kifua mbele. "Nimefungwa mara nane," aliwaambia wenzake, "na ya mwisho Nungunungu alilazimika kufikiri."

Kesho yake Kigogota alipofungua mlango, alikuta njiwa ishirini kwenye foleni, wote wamekuja kufungwa.